Kengele ya Saa Mbili

Mkaguzi aliuliza swali lake la kwanza kabla hata hajakaa.

"Hawa wanacheza au wanasoma?"

"Wanaandika," nilisema.

"Mbona naona mtu anamfukuza kuku?"

Ni kweli. Kwenye kompyuta ya tatu kutoka mlangoni, mtu wa matofali alikuwa anamfukuza kuku wa matofali, na aliyeshika kipanya alikuwa mtoto wa darasa la nne tunayemwita Bosi, kwa sababu hukaa ameegemea kiti kama mtu anayesubiri kuletewa chai. Nilitaka kumwambia mkaguzi kwamba kuku wa namna ile hayumo kwenye mchezo anaoujua yeye. Bosi ndiye aliyeandika namna anavyokimbia kwa kupindapinda, na ilimchukua wiki mbili na machozi kidogo. Lakini Mwalimu Mkuu alikuwa amenionya tangu asubuhi. "Leo, Fundi, mdomo wako uuache nyumbani. Akiuliza, jibu. Asipouliza, angalia ukuta."

Nikaangalia ukuta.

Ukuta ule naujua. Mwaka jana ulikuwa umefunikwa na madawati yaliyovunjika miguu, na chini ya madawati kulikuwa na kompyuta saba zilizoletwa na ofisi ya elimu zamani, zikafa moja baada ya nyingine, zikasukumwa stoo. Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko ng'ambo ya barabara. Nilikuja kumrudishia Mwalimu Mkuu simu yake, nikaziona. Nikamwambia, Mama, nipe hizi mashine na nipe chumba hiki, nitakupa darasa. Akanitazama kama mtu anayepima kitambaa. Akasema, "Darasa la nini, na wewe shule uliiacha kidato cha pili?"

Nilimwambia la kuandika programu. Alicheka, lakini ufunguo alinipa.

Kutoka mashine saba nilipata tano. Wanafunzi ni kumi na wanne, kwa hiyo wanakaa watatu watatu, na kundi moja ni la wawili. Mmoja anaandika, mmoja anasoma kwa sauti, mmoja kazi yake ni kuuliza maswali tu. Kila baada ya robo saa wanabadilishana viti. Tunao mchezo mmoja, ule ambao kila mtoto mtaani anaujua hata kama hana kompyuta: dunia nzima ni matofali, unachimba, unajenga, giza likiingia mazombi, zile maiti zinazotembea, yanatoka na lazima ujifiche. Watu wazima wakiuona wanaona mchezo. Hawajui kwamba una mlango wa nyuma. Unaweza kuandika maagizo yako, ukayaingiza ndani, na mchezo ukakutii. Mvua inanyesha unapotaka. Ng'ombe anapanda ngazi. Nyongeza hizo vijana wanaziita modi, na mimi nilijifunza programu kwa modi, peke yangu, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, bila mwalimu na bila ada. Nilikosea mara elfu. Sioni haya kusema hivyo. Walionifukuza kwa ada ndio waone haya.

Basi mzazi mmoja akapeleka malalamiko kwamba mashine za ofisi zinachezewa gemu. Ofisi ikaandika barua: mkaguzi atakuja Ijumaa saa tisa alasiri, atachagua mwanafunzi mmoja, ataikagua programu yake. Kwenye fomu yake kulikuwa na mstari mmoja uliotuhusu: *Je, programu ya mwanafunzi inafanya kazi kwa usahihi?* Ndiyo, au Hapana. Ikiwa Hapana, mashine zirudi ofisini Jumatatu.

Mwalimu Mkuu aliponisomea mstari ule, aliurudia mara mbili. Dada yangu, ambaye ni fundi cherehani na hana subira na mambo ya karatasi, alisema, "Kwa hiyo wewe mwaka mzima umewafunza watoto wa watu kucheza, na sasa anakuja mtu kuhesabu mabao."

"Mwanao ndiye bora kuliko wote," nilimwambia.

"Mwanangu nyumbani hafagii hata chini ya kitanda."

"Kitanda hakina programu."

Alinirushia kipande cha kitambaa.

Binti yake huyo ana miaka kumi na mmoja na mtaa mzima unamwita Mbishi. Nyumbani ananiita Mjomba, darasani ananiita Fundi, na hajawahi kuchanganya. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti kwamba "anauliza kuliko anavyojibu", kama vile hiyo ni homa. Kwangu ndiyo sifa niliyoitaka. Sheria ya chumba changu ni moja: mstari usioweza kuueleza, unaufuta. Hata kama umefanya kazi. Hata kama ni mimi niliyekupa.

Mkaguzi alizunguka kompyuta zote tano, mikono nyuma. Alikuwa kijana, labda ananizidi miaka mitatu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Sikumchukia kwa shati. Nilimchukia kwa jinsi alivyofuta kiti kwa leso kabla ya kukaa, na kiti chenyewe Bosi alikuwa amekisugua tangu saa saba.

"Wewe," alimwambia Mbishi. "Nionyeshe yako."

Watoto wengine walisogea. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni.

Mbishi alikuwa ametengeneza shule. Ndani ya mchezo, juu ya kilima, madarasa mawili, na chini yake kijiji cha nyumba kumi zenye watoto wa matofali ndani. Kengele ikilia saa mbili, watoto wanatoka nyumbani wanapanda kilima. Ikilia saa nne, wanatoka nje kucheza. Ikilia saa sita, wanarudi kwao. Hakuna anayewaongoza kwa mkono. Wote wanatii maagizo yake.

"Usiniendeshee," mkaguzi alisema. "Nataka kuisoma kwanza. Programu nzuri inajulikana kwa kuisoma."

Hapo, lazima niseme, alinigusa. Hivyo ndivyo ninavyowaambia hata mimi.

Mbishi alimfungulia. Mkaguzi alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza. Alifika kwenye mstari huu:

saa = muda / 1000

Kidole kikasimama.

"Hapa pana kosa," alisema. Akatoa kalamu, akainama kwenye fomu, akaweka alama kwenye Hapana. Kwa wino. Bila haraka, kama mtu anayetia sahihi kupokea kifurushi.

Niliacha kuangalia ukuta. Niliutazama mstari. Alikuwa anasema kweli, au mimi niliamini hivyo. Mchezo ule hauna saa. Unahesabu siku kwa mapigo, elfu ishirini na nne kwa siku nzima, na pigo la sifuri ni pale jua linapochomoza. Ukitaka saa unagawa kwa elfu, kisha unaongeza sita. Hivyo ndivyo masomo yote ya mtandaoni yanavyosema, hivyo ndivyo nilivyonakili, na hivyo ndivyo nilivyowafundisha. Kuongeza sita. Na kwenye mstari wa Mbishi sita haikuwepo.

Niliinama kwenye sikio lake. "Umesahau sita."

"Sijasahau," alisema kwa sauti ya kawaida, kila mtu akasikia. "Niliifuta juzi."

"Umefuta kwa nini?"

"Nilikuuliza ni ya nini. Ukasema ndivyo masomo yanavyosema."

Bosi alijikohoza. Nilihisi masikio yanawaka.

Mkaguzi alitabasamu, na tabasamu lilikuwa la huruma, jambo lililonikera zaidi. "Sikiliza, binti. Kompyuta inaanza kuhesabu siku usiku wa manane. Jua likichomoza tayari ni saa sita ya kompyuta. Kwa hiyo lazima uongeze sita. Ni kitu kidogo. Kiongeze sasa hivi mbele yangu, nami nitaikata hii alama. Sikuja hapa kuwaonea."

Feni ya kompyuta ya kwanza, ambayo nimeikaza kwa waya, ilikuwa inakwaruza.

Nilizitazama zile mashine tano. Nilizijua kwa ndani kama ninavyojua meno yangu. Nilifikiria Jumatatu, mkokoteni mlangoni, waya zinaburuzwa sakafuni. Namba moja tu. Alama ya kujumlisha na sita. Nikasema, na sitasema sikusema:

"Mbishi, fanya anavyokwambia."

Aligeuka akanitazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na uso ule wa kungoja maelezo.

"Mjomba," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo ndani ya chumba kile, "nikiiweka, halafu mtu akiniuliza ni ya nini, nitamwambia nini?"

Kuna aibu inayomfanya mtu ajikunyate, na kuna aibu inayomfanya anyooke. Mimi nilinyooka. Mwaka mzima nimewaambia watoto wa watu wasiandike wasichokielewa, na siku ya kwanza kutishiwa na kalamu nimeuza sheria yangu mwenyewe, mbele yao, kwa namba moja.

"Basi usiiweke," nilisema.

"Fundi," Mwalimu Mkuu alisema kutoka mlangoni, polepole.

"Mama, nimesikia. Asiiweke."

Mkaguzi alifunika kalamu yake. "Nadhani mnachanganya ujasiri na ubishi. Binti, kompyuta hazihesabu saa kama bibi yako anavyohesabu."

"Bibi yake ni mama yangu mzazi," nilisema. "Mwache huko huko aliko. Wewe una mstari wako, uandike mwenyewe tuuone."

Sikupaza sauti. Lakini watoto walirudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja, kama wamepangwa.

Mbishi aliondoka kwenye kiti. Alikivuta nje kidogo kwa adabu, na akasema, "Karibu."

Mkaguzi alisita, kisha akakaa. Na tuseme haki: mtu yule anajua kuandika. Vidole kumi vyote vilifanya kazi, macho hayakushuka kwenye vitufe hata mara moja, na nilisikia Bosi akinong'ona, "Mwone mwone mwone." Akaongeza sita, akaongeza na kipande cha kuhakikisha saa zikifika ishirini na nne zinarudi sifuri, kitu ambacho Mbishi hakuwa amekifikiria. Akaharakisha siku ili isitukawize. Akaendesha.

Jua la matofali likachomoza. Papo hapo kengele ikalia, ile ya kwenda nyumbani. Watoto wa kijijini walikuwa nyumbani tayari, vitandani. Hakuna aliyetikisika.

"Hiyo ni ya nini?" mtu aliuliza.

"Ya saa sita," Mbishi alisema.

Jua likapanda. Ikapita ile saa ambayo sisi wote tulikuwa tunaijua kuwa saa ya shule, na kengele haikulia. Likafika utosini, hakikulia kitu. Likaanza kushuka. Madarasa matupu, kuku wa jirani anapita. Jua likazama, taa za kijiji zikawaka, na mazombi yakaanza kutoka kwenye giza moja moja, yamenyoosha mikono kama yanavyofanya siku zote.

"Subirini," mkaguzi alisema.

Tulisubiri. Usiku ukaendelea. Na mchezo ulipofika pigo la elfu ishirini, yaani saa nane za usiku mzito, kengele ya kuingia darasani ikalia.

Milango kumi ikafunguka. Watoto wa matofali wakatoka, wamejipanga vizuri kama walivyofundishwa, wakaanza kupanda kilima katikati ya mazombi.

"Wanasomea ulinzi," Bosi alisema.

Mtu akaangua kicheko. Zombi moja lilikuwa limefika juu kabla ya wote, likasimama kwenye mlango wa darasa, mikono mbele.

"Na yule ndiye mwalimu wa zamu."

Hapo chumba kizima kilivunjika. Hata Mwalimu Mkuu alijifunika mdomo kwa ukingo wa mtandio. Mimi sikucheka, na ninajivunia hilo, ingawa mbavu ziliniuma mpaka jioni. Kwa sababu nilikuwa nauona ule mstari upya, kama mtu aliyeishi nyumba moja miaka mingi na leo tu akagundua dirisha.

Shingo ya mkaguzi ilikuwa imebadilika rangi. "Ni wazi," alisema, "kwamba ukirekebisha saa, unarekebisha na kengele. Mbili inakuwa nane. Nne inakuwa kumi. Sita inakuwa kumi na mbili. Ndipo mambo yanakaa sawa."

"Ndiyo, yatakaa," Mbishi alikubali. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti, amekunja mikono. "Lakini hebu nisaidie. Unaongeza sita pale juu. Halafu kwa sababu umeongeza pale juu, inabidi uongeze tena kule chini, mara tatu. Sehemu nne umezigusa ili kengele ilie wakati uleule iliokuwa inalia kabla hujagusa."

"Ndivyo inavyofanywa."

"Na nani?"

"Na kila mtu, binti. Dunia nzima."

"Simu yako inasema saa ngapi sasa?"

Aliitoa mfukoni, labda kwa mazoea tu. "Saa tisa na dakika arobaini."

"Naomba niione."

Akamwonyesha. Watoto watatu wakachungulia pamoja naye. Kwenye kioo kulikuwa na 15:40, kubwa, nyeupe.

"Hapa hakuna tisa," Mbishi alisema. "Kuna kumi na tano. Wewe umesema tisa. Sita umeitoa kichwani, hata hujajua kama umeitoa. Sisi wote tunaitoa, kila siku, kwa sababu simu zinaanza usiku wa manane. Lakini huu mchezo hauanzi usiku wa manane. Unaanza jua likichomoza. Jua likichomoza ni sifuri, likishakaa saa moja ni moja, zikipita mbili ni mbili. Mchezo umeshahesabu tunavyohesabu sisi. Sasa niongeze sita ili nije niitoe?"

Mkaguzi alibaki ameshika simu hewani. Niliona anafanya hesabu. Niliiona kwenye macho yake, yanakwenda juu kushoto na kurudi. Utosini: pigo elfu sita, saa sita. Magharibi: elfu kumi na mbili, saa kumi na mbili. Nilizijua hatua zake kwa sababu na mimi nilikuwa nazipita wakati uleule, nyuma yake kidogo. Miaka minne ninaandika sita ile. Miaka minne naijumlisha hapa na kuitoa pale, kama mtu anayehamisha ndoo ya maji kutoka chumba hadi chumba, na mtoto wa dada yangu ameuliza tu ni ya nini.

"Kuna kitu kinaitwa kiwango," mkaguzi alisema hatimaye, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Wenzake wa mbali wakiisoma hii programu watachanganyikiwa."

"Wa mbali akiisoma ataniuliza," Mbishi alisema. "Nitamweleza. Naweza kuueleza."

Mwalimu Mkuu aliingia ndani. Alitembea mpaka mezani, akaipindua ile fomu imwelekee, akavaa miwani. "Bwana Mkaguzi, mimi si mtu wa kompyuta. Ila kusoma najua. Hapa pameandikwa 'inafanya kazi kwa usahihi'. Hapajaandikwa 'inafanana na za wengine'. Mtoto aiendeshe ya kwake, tuone inafanya kazi au haifanyi."

Mkaguzi alisimama, akampisha. Mbishi alifuta ile sita. Kile kipande cha ishirini na nne alikiangalia, akamuuliza kinafanya nini, akaelezwa, akauliza tena, akaelezwa vizuri zaidi.

"Hiki nakiacha," alisema. "Hiki kina maana, mapigo yakivuka siku ya kwanza."

"Asante," mkaguzi alisema, na sidhani alikuwa anatania.

Jua likachomoza. Likapanda kidogo juu ya mapaa. Kengele ikalia, na watoto wa matofali wakatoka kwenye mwanga wa asubuhi wakapanda kilima, bila zombi hata moja. Saa nne wakatoka kucheza. Mmoja alikwama kwenye ua, kama kawaida. Hilo bado hatujalitatua, na Mbishi alilitaja mwenyewe kabla hajaulizwa. Jua lilipofika utosini, kengele ya tatu, wote wakashuka kwao.

Mkaguzi alichukua kalamu. Alikata ile alama ya Hapana kwa mstari mmoja, akatia alama kwenye Ndiyo, na pembeni akaweka sahihi yake, kuonyesha kwamba aliyebadilisha ni yeye. Nilimheshimu kwa hilo, basi, niseme.

Kisha akageuza ukurasa. "Upande wa nyuma unajazwa na mwalimu wa somo." Akanisogezea. *Cheti alicho nacho mwalimu*, na nafasi ya mistari miwili.

Mwalimu Mkuu alinisogelea. "Andika fundi mwenye uzoefu," alisema kwa sauti ya chini. "Au acha tupu, nitajaza mimi baadaye."

"Ikiwa tupu watairudisha," mkaguzi alisema. "Andika chochote. Kozi fupi, semina, chochote ulichohudhuria."

Sijahudhuria kitu. Nilishika kalamu yake, ile nzito ya ofisini, nikaandika kwa herufi kubwa ili asije mtu akasema hakusoma vizuri: SINA CHETI. Mstari wa pili ulikuwa umebaki, nikaujaza nao: NINA WANAFUNZI KUMI NA WANNE NA MMOJA AMENIFUNDISHA LEO.

Mkaguzi aliisoma imesimama kichwa chini, kisha akaigeuza akaisoma tena. Alikuna kidevu.

"Wakiiona hii watanipigia simu. Watataka kujua wewe ni nani."

"Waambie ni fundi simu wa ng'ambo ya barabara."

"Nao wataniuliza nani amekuruhusu kufundisha."

"Mimi," Mwalimu Mkuu alisema.

"Watakuja, Mwalimu. Nawajua. Safari hii hawatamtuma mtu mmoja."

Nyuma yetu watoto walikuwa wameshabadilishana viti, na mtoto wa kundi la wawili alikuwa anamuuliza mwenzake, kwa sauti ya kukera, huo mstari ni wa nini, na wa nini, na wa nini. Niliirudisha kalamu ya mkaguzi mkononi mwake.

"Basi waje," nilisema.